Biti ya sita kwenye koleti ya robo

Ruta yangu ya kwanza, mashine ya umeme ya kuchimba mifereji na kupiga urembo kwenye mbao, niliinunua Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi laki moja na nusu. Ilikuwa imeviringishwa kwenye shati kuukuu, ndani ya sanduku la mbao ambalo bado lilikuwa na vumbi la kazi za fundi mwingine. Muuzaji alikuwa amefungua mzigo wa mtumba kutoka Uingereza: drili, misumeno ya mviringo, randa za umeme, baiskeli za watoto. Ile ruta ilikuwa na plagi ya pini tatu bapa, sawasawa na zetu, kwa hiyo tuliichomeka palepale dukani. Ikanguruma vizuri, bila cheche, bila harufu ya kuungua. Kwenye kibati cha ubavuni niliweza kusoma ELU, MOF 96, wati 600, mizunguko 24,000 kwa dakika.

Kwenye mzigo uleule kulikuwa na drili mbili nzuri zenye plagi ya njano ya duara, na bei yake ilikuwa ya kutupa. Nashukuru sikuzigusa. Hizo ni za volti 110, zinazotumika kule kwenye maeneo ya ujenzi kwa sababu za usalama, nazo haziwezi kuchomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 bila transfoma. Hilo nililijua. Nilikagua volti, nikakagua kaboni za mota, nikashika shafti kuona kama inacheza. Kitu pekee ambacho sikukitazama ni kile kitundu cha mwisho wa shafti, pale biti, yaani kisu cha kukatia, inapoingia. Niliona ni tundu tu.

Ndani ya sanduku kulikuwa na mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe biti tatu zilizoshika kutu. Nilizihesabu kuwa nyongeza. Nilidhani pia kwamba biti zilizokuja na mashine lazima ziwe za mashine hiyo, jambo ambalo nimekuja kuona si kweli hata kidogo. Biti hurithiwa, huazimwa, husahaulika kwenye mkebe wa jirani. Moja kati ya zile tatu haikuingia kabisa. Miaka miwili baadaye ndipo niliipima na kukuta shina lake, ile sehemu inayoingia kwenye mashine, ni la inchi tatu ya nane, milimita 9.5 hivi, ukubwa wa ruta nyingine kabisa.

Mtu ambaye hajawahi kulipia ruta kwa futi hawezi kujua nilivyofurahi siku ile. Kabla ya hapo, kila mlango wa paneli niliobeba oda yake, mbao zake nilizipeleka Keko kwa mwenye mashine. Nasubiri foleni, nalipa, na akikosea hasara ni yangu. Sasa nilikuwa na mashine yangu, tena ya kurandia mifereji na kupiga urembo wa kona. Kesho yake asubuhi nilikwenda kununua seti ya biti.

Dukani nilisema ninataka biti za ruta. Kijana wa kaunta akaniuliza, “Kubwa au ndogo?” Nikasema ndogo. Akanipa boksi la biti kumi na mbili, zimepakwa rangi nyekundu, zimepangwa kwenye sponji. Nilimwonyesha mashine, maana niliibeba kwenye mfuko. Akachukua moja, akaitumbukiza kwenye tundu, ikaingia. “Hiyo hapo kaka, imeingia. Kaza tu.” Nikakaza kidogo kwa mkono, ikashika. Nikalipa.

Neno hilo, “imeingia”, ndilo lililonigharimu.

Oda ya kwanza niliyoifanya kwa ruta yangu ilikuwa mlango wa mbele wa nyumba ya mama mmoja, mwalimu, aliyekuwa anamalizia ujenzi Mbagala. Alitaka mninga, na mbao alizinunua mwenyewe baada ya kudunduliza kwa muda mrefu. Nilikuwa nachimba mfereji wa kukalia paneli, kina cha milimita 8. Nilipima, nikafunga kina kwenye mashine, nikaanza kusukuma taratibu kutoka kushoto. Sauti ilikuwa nzuri. Katikati ya mbao sauti ikabadilika, ikawa nzito, kama mtu anayezungumza huku amebeba mzigo. Nikadhani ni ugumu wa mninga, maana kuna mahali nyuzi zake hugeuka. Nikaendelea. Nilipozima na kuinua mashine nilikuta mfereji umeanza na milimita 8 na kuishia na 13. Ni mteremko kamili, ungeweza kumwaga maji upande mmoja yakakimbilia upande wa pili.

Sikuwa nimelegeza kina. Vifungo vyote vilikuwa vimekaza. Kilichotokea ni kwamba biti yenyewe ilikuwa inatoka kwenye mashine kidogokidogo, inavutwa na kazi inayoifanya, na kila ilivyotoka ndivyo ilivyochimba zaidi. Nilipoichomoa niliona kwenye shina lake pete nyeusi na mikwaruzo ya kuzunguka, kama ya kitu kilichosuguliwa na mchanga. Wakati huo sikujua kusoma alama ile. Leo nikiiona kwenye shina la biti ya mtu yeyote namwambia azime mashine hapohapo, maana ni alama ya biti inayoteleza ndani ya koleti, yaani lile tundu linaloishika.

Nilikaza zaidi. Niliongeza bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu, ikatoka tena. Jirani yangu wa karakana, fundi mzuri ninayemheshimu mpaka leo, akanipa njia aliyoizoea: kata kipande cha kopo la soda, kizungushie shina, kisha tumbukiza. Nikafanya. Ikashika kweli, tena kwa nguvu. Nikawasha.

Mashine ilitetemeka mikononi kuanzia sekunde ya kwanza. Nilikuwa bado sijaigusisha mbao. Nilipoanza kuishusha, nikasikia mlio mkali, halafu kishindo kwenye bati la mlango wa karakana nyuma yangu. Biti ilikuwa imeruka. Tuliikuta chini, upande mmoja umepoteza meno, na bati limebonyea mahali penye ukubwa wa ncha ya kidole, usawa wa kifua. Dogo ninayemfundisha kazi alikuwa amesimama pale dakika moja kabla, ametoka kwenda kuchota maji.

Siku hiyo nilifunga karakana mapema.

Kulikuwa na mzee mmoja Gerezani, mkereza vyuma, ambaye baba yangu alikuwa akimpelekea kazi za shafti za mashine za kusaga. Nilimpelekea ruta, lile boksi la biti na ule mkebe wa biskuti. Nikampa shikamoo, nikakaa kwenye tofali, nikamsimulia kila kitu pamoja na habari ya kopo la soda. Hakunikatiza. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, akafuta mikono, akatoa venia yake, kile kipimo cha unene, kwenye pochi ya ngozi.

Alipima shina la biti nyekundu. “Tano nukta tisa nane,” akasema. “Hii ni ya sita.” Akachukua biti moja yenye kutu kutoka kwenye mkebe, akaikwangua kwa msasa, akapima. “Sita nukta tatu nne. Hii ni robo inchi.” Akanikabidhi zote mbili, moja kila mkono, akaniambia nifumbe macho nimweleze ipi ni ipi. Sikuweza. Nilizibadilisha mikono mara kadhaa, nikazisugua kwa vidole, nikakisia, nikakosea.

“Wewe huwezi,” akasema. “Lakini koleti inaweza.”

Hapo ndipo aliponifungulia nati na kunitolea kile kipande ambacho kwa wiki tatu nilikuwa nimekiita tundu. Koleti ni kipande kidogo cha chuma cha springi, umbo la koni, kimepasuliwa mipasuko ya wima. Kinakaa ndani ya mdomo wa shafti. Ukikaza nati, koni inasukumwa ndani, mipasuko inajibana, na ukuta wake wa ndani unalikumbatia shina la biti pande zote kwa urefu wote. Kazi yake yote iko kwenye lile neno kukumbatia. Kimetengenezwa kwa ukubwa mmoja tu, na nafasi yake ya kujibana ni ndogo mno, sehemu ndogo ya milimita. Robo inchi ni milimita 6.35. Ukiweka shina la milimita 6 ndani yake, kuna milimita 0.35 ya hewa. Ukikaza kwa nguvu zote mdomo wa koleti utajibana mpaka uiguse biti, lakini utaishika kwa ukingo wa mdomo tu, kama mtu anayeshika kijiti kwa ncha za vidole badala ya kiganja. Biti inaweza kusimama hivyo ikiwa imetulia. Ikizunguka mara 24,000 kwa dakika huku inakata mninga, haitasimama.

Kuhusu kopo la soda alisema maneno machache. Lile bati halizunguki sawasawa, linapishana mahali lilipokutana, kwa hiyo linaisukuma biti upande mmoja. Biti inayozunguka nje ya kitovu chake ni nyundo.

Kisha akainua koleti kwenye mwanga wa mlango, akaniita nitazame. Mdomo wake ulikuwa umepanuka kidogo kama tarumbeta, na ndani kulikuwa na mabaka meusi. Alisema huenda ilikuwa imechoka hata kabla sijainunua, nami nimeimalizia kwa bomba. Pia aliniuliza kama huwa naifunga nati bila biti ndani. Nilikuwa nikifanya hivyo kila jioni ili nati isipotee. Akatikisa kichwa. Koleti tupu ikikazwa hujibana kupita kiasi na haitarudi kwenye umbo lake. Nati ifungwe kwa vidole tu, au isifungwe kabisa.

Nikamwomba anikereze koleti mpya. Alikataa, na ninamheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa kazi zote alizonifanyia baadaye. Aliniambia ana chuma cha kawaida, anaweza kukikereza kikafanana na hiki mpaka nisiweze kutofautisha, lakini hana chuma cha springi wala tanuru ya kukipa ugumu wake. “Nitakuuzia kitu kitakachokuua, mwanangu. Tafuta cha kiwandani.”

Kutafuta kulinichukua miezi miwili, na katika miezi hiyo nilijifunza kwamba mashine ya zamani ina ukoo, na ukijua ukoo wake umepata vipuri. Elu ilikuwa kampuni ya Ujerumani, na mwaka 1984 ilinunuliwa na Black & Decker. Jina la Elu lilipoondolewa sokoni, mashine zake hazikufa, zilivaa rangi ya njano na kuitwa DeWalt. MOF 96 yangu ndiyo mzazi wa DeWalt DW613, na ruta ya Trend T5 ya Uingereza imetoka kwenye mbegu hiyohiyo. Kwa hiyo nilipoacha kuulizia koleti ya Elu, ambayo kila duka lilinijibu halijawahi kuisikia, na kuanza kuulizia koleti ya DW613 au T5, milango ikafunguka. Sikuipata Dar, lakini binamu yangu anayeishi Uingereza aliipata na kuituma na mgeni aliyekuwa anakuja likizo.

Nilimwagiza mbili: ya robo inchi, na ya milimita 8. Hiyo ya pili nilishauriwa na mkereza, na wengi hapa hawaijui. Mashine zilizouzwa Uingereza zilikuja na robo inchi au nusu inchi. Zilizouzwa Ujerumani, Uholanzi na majirani zao zilikuja na milimita 8. Mashine yenyewe inaweza kuwa ileile, kibati kilekile, koleti tofauti. Na shina la 8 lina faida kubwa kwa ruta ndogo: ugumu wa fimbo ya mviringo dhidi ya kupinda hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake, kwa hiyo shina la milimita 8 ni gumu mara mbili na nusu kuliko la robo inchi, ingawa kwa macho unaona tofauti ndogo tu. Biti ndefu yenye shina la robo ikizama kwenye mkongo utaisikia inalialia. Ya 8 inapita kimya.

Zile za Japani zina mambo yake. Rafiki yangu alinunua ruta kubwa iliyokuja pamoja na vifaa vilivyopakiwa ndani ya gari la mtumba. Ni mashine madhubuti, lakini umeme wa nyumbani kule ni volti 100, kwa hiyo ilimlazimu kutafuta transfoma ya kubeba mzigo wake. Koleti yake ilikuwa ya milimita 12, na biti kubwa alizozipata hapa zilikuwa za nusu inchi, yaani milimita 12.7. Hazikuingia. Kosa la aina hii ni rehema, kwa sababu mashine yenyewe inakukatalia. Hatari ilikuja pale alipotaka kulipanua tundu la koleti kwa drili. Nilikimbia kwake na koleti yangu mbovu mfukoni nimwonyeshe. Ukipitisha drili kwenye koleti, tundu haliwezi kubaki kwenye kitovu, na hapo umejitengenezea ile nyundo niliyoisema. Alitulia, akatafuta biti za 12.

Kuna vishikizi vya kupunguzia ukubwa pia, vijibomba vyenye mpasuko vinavyoingia kwenye koleti kubwa ili ipokee biti ndogo, kama kutoka nusu inchi kwenda robo, au 12 kwenda 8. Ninavyo, ninavitumia kwa kazi nyepesi kwenye ruta kubwa niliyonunua baadaye. Ni tofauti na kopo la soda kwa sababu vimekerezwa kwa ukubwa kamili. Lakini kila safu unayoongeza kati ya shafti na biti ni mahali pengine pa kuteleza, na penye koleti halisi sichagui kishikizi.

Koleti mpya zilipofika nilikaa nazo mezani kabla ya kuwasha chochote. Nilichukua ile biti ya robo inchi ya kwenye mkebe, nikalifuta shina kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikalikausha. Nikaitumbukiza kwenye koleti mpya, nati ikiwa imelegea. Iliingia polepole, kwa uzito wake yenyewe, ikisukuma hewa mbele yake, bila kutikisika hata kidogo. Nikajaribu biti nyekundu ya milimita 6 mahali palepale: ilidondoka mara moja na ikacheza pande zote. Kwenye koleti ya zamani, iliyopanuka mdomo, zote mbili zilikuwa zinacheza, na ndiyo maana sikuweza kutofautisha.

Tangu hapo nina namna yangu ya kuweka biti, na dogo ameishika. Tunaisukuma mpaka iguse chini, kisha tunairudisha milimita mbili au tatu. Ikigusa chini nati itakazika dhidi ya kitako badala ya kubana pembeni, na joto likiongezeka biti italegea. Walau robo tatu ya shina iwe ndani. Pale juu, shina linapokutana na kichwa cha kukatia, kuna mkunjo mdogo ulionenepa, na koleti isibane hapo. Wakati wa kutoa, nati hulegea, halafu hukaza tena baada ya mzunguko mmoja hivi. Wengi wakifika hapo huchukua nyundo. Haihitajiki. Endelea na spana, ule mkazo wa pili ndio nati inavyoivuta koleti itoke kwenye koni na kuiachia biti.

Shina likikubali, bado kuna swali la kichwa, na hili niliwahi kulipuuza kwa sababu nilidhani mambo yamekwisha. Mashine yangu ina kasi moja tu. Haina kitufe cha kupunguza. Biti nyembamba ya milimita 6 kwenye mizunguko 24,000, ukingo wake unakwenda mita 7.5 kwa sekunde. Biti ya urembo yenye upana wa milimita 50, kwa mizunguko hiyohiyo, ukingo wake unakwenda karibu mita 63 kwa sekunde, sawa na kilomita 226 kwa saa. Na kuna biti pana kama hizo zenye shina la robo inchi, zinauzwa, zinaingia, zinakaa sawasawa kwenye koleti. Kwa hizo kasi inapaswa kushuka mpaka kama 18,000 au chini yake, na zikipita milimita 65 ni 12,000. Biti nzuri huwa imeandikwa kwenye shina kasi yake ya juu kabisa. Isiyoandikwa chochote, siipi nafasi ya shaka. Kwenye Elu yangu sipitishi biti yenye upana zaidi ya milimita 25. Urembo mpana wa fremu naupeleka kwenye ruta kubwa yenye kurekebishwa kasi, na kabla sijaipata niliendelea kulipa kwa futi Keko bila kinyongo.

Ile biti ya tatu ya kwenye mkebe, yenye kipini cha chuma kwenye ncha badala ya beringi ya kuongozea, inaingia vizuri na imepata makali tena. Ni ya chuma cha kale cha hai-spidi, inakata msonobari kwa ulaini kuliko biti yoyote ya kabaidi, ile metali ngumu zaidi, niliyonayo. Lakini kile kipini kinazunguka pamoja na biti na kinasugua ukingo wa mbao mpaka unaungua. Ninaitumia mara mojamoja, nikiwa na kipande cha kuongozea ili kipini kisiguse kitu.

Mlango wa yule mwalimu niliumaliza. Mbao iliyoharibika niliinunua upya kwa fedha yangu, nikamweleza kwa nini nimechelewa wiki tano, akanielewa baada ya kunyamaza kwa muda ambao niliuona mrefu. Kipande chenye mfereji wa mteremko bado ninacho, kimeegemezwa ukutani.

Baadaye nilirudi kwa mkereza na ombi jingine, ambalo hili alilikubali. Alichukua kipande cha shaba bapa, urefu wa kiganja, akatoboa na kusawazisha matundu matano: 6.1, 6.4, 8.1, 12.1 na 12.8. Pembeni ya kila tundu akagonga namba. Biti ya sita inapita tundu la kwanza. Ya robo inagoma la kwanza, inapita la pili. Ya 12 inapita la nne, na ya nusu inchi haitapita mpaka la tano. Kina tundu pembeni la kamba, na kinaning'inia kwenye funguo zangu.

Mwezi uliopita nilikwenda nacho kwenye lile duka la kwanza. Kijana wa kaunta ni yuleyule, sasa ana mtoto. Nilitaka biti moja tu ya kuviringisha kona, ya robo inchi. Akanifungulia droo lenye biti zilizolegea, za kuuza mojamoja, zote zimechanganywa, nyekundu kwa njano kwa bluu. Nikaanza kupima moja baada ya nyingine kwenye shaba. Ya tatu ikapatikana. Alikuwa akinitazama muda wote, akaniomba kile kipimo. Akachukua biti ya kwanza, ikapita tundu la 6.1. Ya pili ikagoma. Akazishika zote mbili juu ya kaunta, akazitazama kwa muda, akaziweka mbalimbali.

“Kaka, una haraka?” akaniuliza.

Nikasema sina. Akamimina droo lote juu ya kaunta, akavuta mabakuli mawili ya plastiki, na tukaanza: za sita huku, za robo kule.